Mtoto Aliyetushinda, Tumkabidhi kwa Nani?

  

Lipo jambo ambalo katika misikiti yetu huzungumzwa kwa kunong'ona, watu wakishatawanyika, baina ya mzazi na imamu wake. Ni habari ya mtoto aliyewashinda wazazi. Ana miaka 15 au 16. Ameacha shule, anavuta bangi au ameshaonja unga, hurudi nyumbani usiku wa manane, vitu vya ndani vinapotea kimoja kimoja, na mama yake huambulia majibu yasiyosemeka. Amekanywa, hakukanyika. Amechapwa, akazidi. Wameitwa ami na wajomba zake, wakaondoka wakitikisa vichwa.

Mzazi aliyefikishwa hapo hukubali karibu kila anachoambiwa. Na siku hizi hakosekani wa kumwambia: "Kuna mahali wanarekebisha vijana. Mpeleke miezi sita tu, utarudishiwa mtu mwingine." Hatuna la kumlaumu mzazi huyo. Anayekesha akisubiri kujua kama mlango utagongwa na mwanawe au na polisi, hafai kuhubiriwa na aliyelala usingizi wake. Lakini kwa kuwa anakaribia kutoa amana kubwa kuliko zote alizonazo, ana haki ya kuelezwa yaliyowapata waliomtangulia katika njia hiyo.

Hoja yetu ni moja, nasi tunaitanguliza ili msomaji aipime tunapoendelea. Mahali ambapo mtoto hawezi kuzungumza na mzazi wake faraghani si mahali pa tiba wala pa malezi. Haijalishi jina lililoandikwa mlangoni, wala ada inayolipwa, wala kitabu kinachosomwa ndani. Ili kuithibitisha hoja hii tutaanza na watu wenye uzoefu mrefu kuliko wote wa vituo hivi, nao ni Wamarekani. Kisha tutatazama yaliyotendwa Nigeria kwa jina la dini yetu wenyewe. Mwisho tutarudi nyumbani kwetu.

Walioanza kabla yetu

Mwaka 1958, huko Santa Monica, California, mtu aliyeitwa Charles Dederich alianzisha jumuiya ya watu waliotaka kuacha ulevi na dawa za kulevya. Iliitwa Synanon. Dawa yake kuu ilikuwa kikao walichokipa jina la "Mchezo": mmoja wao huwekwa kati, na waliobaki wakamshambulia kwa maneno, wakimfichulia aibu zake na kumtusi. Waliamini kwamba nafsi ya mtu ikivunjwa huweza kujengwa upya. Jumuiya ile iliishia pabaya. Mwaka 1978 watu wake walimtilia nyoka mwenye sumu katika sanduku la barua wakili aliyekuwa akiwashitaki.

Synanon ilitoweka, lakini njia yake ilirithiwa na wengine, nao wakaipeleka kwa watoto. Mwaka 1970 kilianzishwa Florida kituo cha vijana kilichoitwa The Seed. Haikupita miaka mingi, mwaka 1974, ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikazifananisha njia zake na mbinu za kuwabadili watu akili zilizotumiwa na Wakorea Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtu angedhani kwamba habari hiyo ingeizima biashara. Kinyume chake, mwaka 1976, katika jimbo hilo hilo, baadhi ya wazazi ambao watoto wao walipitia The Seed walisaidia kuanzisha kituo kingine kwa mfano wake, kilichoitwa Straight. Kilienea katika majimbo kadhaa, kikaandamwa na kesi moja baada ya nyingine, mpaka kikafungwa mwaka 1993.

Katika miaka iliyofuata vituo viliongezeka na kuchukua sura nyingi. Vingine vilikuwa safari za majuma kadhaa katika nyika za Utah, ambako vijana walitembezwa kwa miguu wakiwa na chakula kidogo. Vingine vilikuwa kambi za mtindo wa kijeshi, vingine vikajiita shule za bweni za tiba. Tena vipo vilivyovuka mipaka. Muungano mmoja wa vituo wenye makao yake Utah ulikuwa na matawi Jamaica, Mexico, Samoa, Costa Rica na hata Jamhuri ya Czech. Tawi la Jamaica, lililofunguliwa mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2009, liliitwa Tranquility Bay, yaani Ghuba ya Utulivu. Humo kijana aliyeasi alilazwa kifudifudi sakafuni chini ya ulinzi, saa baada ya saa, na wapo waliolala hivyo siku nyingi. Wazazi wao, kule Marekani, walikuwa wakilipa makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka wakiamini kwamba watoto wao wamo katika utulivu ulioandikwa mlangoni.

Oktoba 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa yake mbele ya kamati ya Bunge hilo. Wakaguzi walikuta maelfu ya tuhuma za mateso tangu mwaka 1990. Katika mwaka 2005 pekee, majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 wa vituo vya bweni waliohusika katika matukio ya kuwadhulumu watoto. Kisha wakaguzi wakachagua vifo 10 na kuvichunguza kimoja kimoja. Walichokikuta ni wafanyakazi wasio na mafunzo, chakula kisichotosha, uongozi mbovu, na jambo moja ambalo ndilo kiini cha makala yetu: watoto waliosema kwamba wanaumwa, na watu wazima waliokataa kuwaamini.

Mzazi anavyozibwa masikio

Tuitazame njia yenyewe kwa utulivu, maana anayeijua huitambua popote atakapoikuta, hata ikivaa kanzu.

Kwanza, kijana huchukuliwa kwa ghafla. Wengi wa vijana wa Kimarekani waliosimulia mambo yao wanaeleza jinsi walivyoamshwa kabla ya alfajiri na watu wasiowajua wamesimama kando ya kitanda, wazazi wakiwa mlangoni au wamejificha chumbani. Watu hao walilipwa na wazazi wenyewe. Baadhi ya vijana wanasema kwamba saa ile ndiyo iliyowaumiza kuliko yote yaliyofuata, kwa kuwa ndipo walipojua kwamba nyumbani si mahali pa usalama tena.

Pili, haki zake zote hugeuzwa kuwa zawadi. Vituo vingi vilipanga vijana kwa daraja. Aliye daraja la chini hana ruhusa ya kuzungumza bila idhini, hata kutazama nje ya dirisha. Kuzungumza na mama yake kwa simu ni tunzo ya daraja la juu, ambalo huenda likachukua miezi kulifikia. Barua zake husomwa kabla hazijatoka. Na siku anapofika kwenye simu, mfanyakazi hukaa ubavuni akisikiliza, na akianza kulalamika, simu hukatwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mzazi huandaliwa mapema. Huambiwa siku ya kwanza: "Mwanao atakudanganya. Atasema anapigwa, atasema ana njaa, atalia umtoe. Usimwamini. Ukimwamini, umemuua." Tazama mtego ulivyotegwa. Mtoto akilalamika, hiyo ni dalili kwamba bado mgonjwa, basi akae zaidi. Akinyamaza, hiyo ni dalili kwamba anapona, basi aendelee. Hakuna neno lolote ambalo mtoto anaweza kulisema likamfikia baba yake kama ushahidi.

Matokeo yake ni nini? Mwaka 1994, huko Utah, mvulana wa miaka 16 alikuwa katika safari moja ya nyikani. Alidhoofu, akapungua mwili mno, akalalamika maumivu ya tumbo. Wasimamizi waliona anajifanya. Alikufa kwa kidonda cha tumbo kilichopasuka. Miaka minne kabla yake, msichana wa miaka 15 alikufa katika safari kama hiyo kwa kukaukiwa na maji mwilini, naye pia alipolalamika ilidhaniwa anajifanya. Watoto hawa hawakuuawa na bangi wala na ukaidi wao. Waliuawa na kauli iliyotangulizwa ya kwamba kijana mkorofi hasemi kweli.

Nasi Waislamu tunaisoma habari ya Nabii Yaaqub (a.s.) kila mara. Aliombwa mwanawe na watu wa nyumbani mwake, wakaahidi kumlinda, wakarudi na kanzu yenye damu ya uongo. Mzee yule hakuikubali habari kwa sababu tu imeletwa na wale waliokabidhiwa mtoto. Je, sisi tunaipokeaje taarifa ya maendeleo ya mwanetu inayoandikwa na yule yule anayelipwa kumweka?

Walipoambiwa kwamba wanaweza kutoka

Lipo tukio moja linaloonyesha hakika ya mambo kuliko maelezo marefu. Mwezi Mei 2003, maofisa wa serikali ya Costa Rica walikwenda kukagua tawi la muungano ule tulioutaja, lililokuwa na vijana wa Kimarekani wapatao 200. Waliwaeleza vijana kwamba kwa sheria ya nchi ile wana haki zao, na kwamba hawawezi kuzuiliwa kwa nguvu. Palizuka vurugu. Makumi ya vijana walikimbia, wakiwa katika nchi ngeni wasiyoijua, na kituo kikafungwa. Kama tiba yao ilikuwa imewaingia moyoni, kwa nini neno moja la afisa liliivunja yote kwa siku moja?

Ilichukua muda mrefu mpaka sheria za Marekani kuanza kusogea. Mwaka 2020 Paris Hilton, binti wa ukoo wa wenye hoteli mashuhuri, alieleza hadharani yaliyompata alipofungiwa miezi 11 katika shule moja ya Utah akiwa na miaka 17. Hatuyasifu maisha aliyojulikana nayo bibi huyu. Lakini ushahidi wa aliyedhulumiwa hupokelewa kwa ukweli wake, na baada yake walijitokeza wengine wengi waliokuwa wamenyamaza kwa miaka. Mwaka 2021 jimbo la Utah lilipitisha sheria inayotaka vituo vikaguliwe mara nne kwa mwaka, na mtoto apewe nafasi ya kuzungumza na familia yake kwa faragha kila wiki. Desemba 2024 ikatiwa saini sheria ya nchi nzima inayoamuru vituo hivi vichunguzwe kitaalamu. Hii ya pili haifungi kituo chochote. Ni mwanzo tu.

Tuizingatie ile ya Utah. Jimbo lililokuwa kitovu cha biashara hii, baada ya miaka 30 ya vifo na kesi, liliona kwamba miongoni mwa dawa za kwanza za dhulma hii ni kumrudishia mtoto sauti yake kwa mzazi wake.

Tusiyacheke ya wenzetu

Hapa huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wamarekani, watu waliopoteza malezi kisha wakayanunua kwa fedha. Sisi tuna dini, tuna madrasa, tuna masheikh. Laiti jambo lingekuwa jepesi hivyo.

Septemba 2019 polisi wa Nigeria waliingia katika jengo moja katika mtaa wa Rigasa, mjini Kaduna. Jengo lilijulikana kama shule ya Kiislamu na kituo cha kurekebisha tabia. Walikuta humo mamia ya wanaume na wavulana, inakadiriwa karibu 500, wengi wakiwa na minyororo miguuni, wengine na makovu ya viboko. Miongoni mwao walikuwamo watoto wadogo. Wapo walioletwa kwa sababu ya dawa za kulevya, wapo walioletwa kwa utoro na ukaidi tu. Na walioletwa hawakutekwa njiani. Wengi wao waliletwa na jamaa zao, waliokuwa wakilipa ada. Baadhi ya wazazi walipoona hali za watoto wao walisema kwamba hawakujua lolote, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuingia ndani.

Mwezi uliofuata yakafichuliwa mengine kama hayo Daura, mji alikozaliwa Muhammadu Buhari, aliyekuwa Rais wakati huo, ambaye mwenyewe alikuwa Muislamu. Serikali yake ilitamka kwamba haiwezi kuvumilia nyumba za mateso kwa jina la marekebisho. Kwa uadilifu tuseme pia kwamba shirika la Human Rights Watch, lililochunguza jambo hili mwaka huo, liliwakuta watu wamefungwa minyororo si katika vituo vya Kiislamu tu, bali pia makanisani, kwa waganga wa kienyeji na katika baadhi ya vituo vya serikali. Lakini sisi hatutaulizwa habari za makanisa. Tutaulizwa habari za mnyororo uliofungwa na mtu anayefundisha Qur'ani.

Tukiziweka Utah na Kaduna pamoja, tutaona kwamba lugha, dini na ada ni tofauti, ila njia ni ile ile: mzazi aliyekata tamaa, mtu anayeahidi kumtengeneza mtoto, na mlango ambao mzazi hapiti.

Hali ya kwetu

Afrika Mashariki nayo imo. Ndugu zetu wa Kisomali wanayo desturi waiitayo dhaqan celis, maana yake kumrudisha mtu kwenye utamaduni wake. Vijana waliokulia Ulaya na Marekani huletwa Nairobi au Somalia na wazazi wanaowahofia magenge, visu na dawa za kulevya za miji ile. Hofu hiyo ni ya kweli, na wako vijana walionufaika kwa kuishi na bibi na babu zao, wakajifunza lugha na dini. Lakini wako pia waliotiwa katika nyumba zenye makufuli, wakanyang'anywa pasipoti na simu, wakapigwa na kufungwa. Kijana hudhani anakwenda likizo, akaikuta jela. Hawa wawili hawakupelekewa lengo tofauti. Tofauti ni kwamba mmoja alikabidhiwa kwa jamaa wanaompenda, na mwingine kwa mfanyabiashara.

Upande wa dawa za kulevya ipo mifano ya kheri pia, nayo inatuonyesha kwamba mateso si lazima. Zanzibar, tangu mwaka 2009, zimekuwapo nyumba za kuwasaidia waraibu, zijulikanazo kama soba hausi, na nyingi huendeshwa na watu ambao wenyewe walikuwa mateja wakapona. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mgonjwa huja kliniki, hunywa dawa mbele ya mhudumu, akatulizwa arosto, kisha akarudi kwao. Tiba hizi zaidi ni za watu wazima, na hatusemi kwamba hazina upungufu. Tunasema tu kwamba mgonjwa anaweza kutibiwa huku anajua njia ya kwenda kwao.

Aidha tusisahau kwamba sheria ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Zanzibar ina yake ya mwaka 2011, na Kenya ina ya mwaka 2022. Zote zinamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na zote zinamkinga na mateso. Idhini ya mzazi haihalalishi mnyororo.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye"

Najulikane kwamba hatuitetei tabia ya kudekeza. Waliosema "mchelea mwana kulia hulia yeye" walisema kweli, na mtoto asiyewekewa mpaka hupotea. Wala hatukatai kwamba kijana aliyezoea kuiba hudanganya. Mara nyingi hudanganya kweli. Tena wapo waliopita katika vituo tulivyovitaja wakasema viliwaokoa, nasi hatuwakadhibishi.

Lakini mtoto kuwa mwongo jana si hoja ya kutomsikiliza leo anaposema anaumwa. Kadhi humsikiliza hata mwizi. Tena ukali wenyewe ndio unaozaa uongo. Mwanachuoni wetu Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alieleza kwamba anayelelewa kwa ukali na kulazimishwa nafsi yake husinyaa, uchangamfu humtoka, naye hujifunza kudanganya na kuonyesha yasiyomo moyoni kwa kuogopa mkono utakaomshukia, mpaka hila inakuwa ndiyo tabia yake. Miaka 600 baadaye vijana waliotoka katika vituo vya Marekani wakasimulia jambo hilo hilo kwa maneno yao: waliungama madhambi ambayo hawakuyatenda na kulia machozi ya kuigiza, kwa sababu ndiyo yaliyowapandisha daraja. Wazazi waliona toba. Ilikuwa ni njia ya kutokea.

Wataalamu nao wameyafikia haya kwa njia yao. Oktoba 2004 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliwakutanisha watafiti kuhusu kuzuia ukatili kwa vijana. Walihitimisha kwamba kambi za ukali na mipango ya kutisha hazifanyi kazi, na huenda zikazidisha tatizo, kwa kuwa vijana wakorofi wakikusanywa pamoja hufundishana ukorofi. Njia walizoziona zina matunda ni zile zinazomhudumia kijana pamoja na familia yake: mshauri huja nyumbani, huzungumza na baba na mama, huwafundisha namna ya kuweka mipaka na kuisimamia, hushirikiana na shule, humtenga kijana na marafiki wabaya.

Na kabla ya wataalamu hao, sisi tunaye mwalimu. Imepokewa kutoka kwa Abu Umama (r.a.), katika Musnad ya Imamu Ahmad, kwamba kijana mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) mbele ya watu akimwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume (s.a.w.) akamsogeza karibu yake, akamuuliza kama angependa jambo hilo litendwe kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi yake na kwa mama yake mdogo. Kila mara kijana alijibu la. Kisha akamwekea mkono, akamwombea dua, na kijana yule hakuligeukia tena jambo lile. Tuangalie mpangilio wake. Kijana aliruhusiwa kusema aibu yake bila kuzibwa mdomo. Alisogezwa, hakutengwa. Aliulizwa, akajibu mwenyewe. Mkono uliomfikia ulikuwa wa dua.

Masharti ya kumkabidhi mtoto

Yako mazingira ambayo mtoto hawezi kukaa nyumbani kwa muda, hasa anapokuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wadogo zake. Hapo mzazi ataangalia mahali pengine. Kwa ajili hiyo tunaweka masharti haya, na kila mzazi anaweza kuyashika kichwani:

Kwanza, kabla ya kufikiria kituo, mtoto aonwe na daktari. Kijana anayeonekana mkaidi huenda ana maradhi ya akili, au huzuni nzito, au ametendewa jambo ambalo hajathubutu kulisema. Hali kadhalika afisa ustawi wa jamii aulizwe. Ofisi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu wengine.

Pili, uliza kituo kimesajiliwa wapi, nani hukikagua, na lini kilikaguliwa mara ya mwisho. Asiyeweza kujibu, usimkabidhi hata mbuzi.

Tatu, uliza nani mle ndani ana elimu ya tiba, na mtoto akiumwa usiku atapelekwa hospitali gani.

Nne, omba uonyeshwe kila chumba, pamoja na mahali wanapolala na mahali wanapoadhibiwa. Kisha rudi siku nyingine bila kutoa taarifa.

Tano, na hili lisisamehewe: sharti uzungumze na mwanao peke yenu, bila msikilizaji, tangu juma la kwanza. Ukiambiwa kwamba miezi ya mwanzo hairuhusiwi kwa sababu "atakudanganya", basi umeshajibiwa. Mchukue mwanao, urudi naye.

Sita, usimpeleke mtoto kwa hila wala kwa kutekwa. Ukimwambia mnakwenda kumsalimu bibi yake kisha ukamwacha mbele ya kufuli, umemfundisha uongo kabla mwalimu hajaanza somo lake.

Wajibu wa msikiti

Mwisho tunazigeukia kamati za misikiti. Mzazi hukimbilia mlango wa kufuli kwa kuwa milango mingine aliyogonga haikufunguliwa. Alipokuja kwetu, alipewa lawama kuhusu malezi, au aliambiwa asubiri. Je, msikiti wetu unao wazee watatu au wanne wanaoweza kwenda nyumbani kwa mtu jioni, wakakaa na kijana bila fimbo wala hotuba? Unajua jina la daktari mmoja wa maradhi ya akili anayeaminika? Kijana anayeacha unga akirudi kuswali, anapokewa safuni, au watu wanashika mifuko yao?

Na kwa ndugu zetu wanaoendesha vituo na madrasa za bweni kwa ikhlasi, nao wapo, tunasema: funguliweni milango yenu. Asiye na la kuficha hapotezi kitu mzazi akija bila kualikwa. Hao wengine wanaochafua jina la Qur'ani kwa minyororo, ni juu yetu sisi kuwataja kwa mamlaka kabla polisi hawajatutangulia, kama walivyotutangulia Kaduna.

Baba ni mchunga, na atakayeulizwa juu ya mtoto ni yeye, si aliyelipwa ada. Anaweza kutafuta msaada wa daktari, wa mwalimu na wa jamaa, lakini masikio yake hawezi kumkodisha mtu.

Tunamwomba Allah (s.w.) awarudishe vijana wetu waliopotea, awape wazazi wao subira na busara, na awafariji waliodhulumiwa wakiwa wadogo, popote walipo na kwa dini yoyote waliyo nayo. Amin.